Mitambo ya upepo ya baharini, au ya upepo wa baharini?

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Ninatayarisha habari za Kiswahili kwenye redio moja hapa Goma, na nyingi hutufikia kwa Kifaransa. Juzi niliandika kwamba Uingereza "inaendeleza nishati ya upepo wa nje ya pwani". Mwenzangu mmoja akataka niseme "upepo wa pwani", mwingine "upepo wa baharini". Fundi wetu wa sauti, mtu wa mtaa wa Himbi, akasema watu wataelewa "mashini ya upepo ya mu bahari". Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate fundi wa sauti. Kauli yake ukiiandika kwa Kiswahili cha vitabuni inakuwa "mitambo ya upepo ya baharini", na hapo kila neno liko mahali pake.

Tuanze na pwani. Neno hili limetokana na kupwa. Maji ya bahari hupwa na kujaa, na ule ukanda unaobaki wazi yanapopwa ndio pwani. Baadaye neno likapanuka, likabeba miji na nchi yote ya kando ya bahari, lakini maji yenyewe hayakuwahi kuitwa pwani. Msikilizaji akisikia "upepo wa pwani", mawazo yake yatakwenda Mombasa, au Muanda kwetu hapa Kongo, kwenye nchi kavu. "Nje ya pwani" ni neno la Kiingereza "offshore", ambalo hata Kifaransa hulitumia, lililovalishwa Kiswahili, nayo inapotosha zaidi, kwa sababu bara pia ni nje ya pwani. Goma yenyewe iko nje ya pwani!

Sasa "upepo wa baharini". Mwenzako huyo amekaribia sana, ila hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu, kwa kuwa herufi moja inabadilisha habari. Ukisema "mitambo ya upepo WA baharini", kinachotoka baharini ni upepo. Mitambo yenyewe inaweza kuwa imesimama juu ya kilima, ikipokea upepo uvumao mchana kutoka baharini kuja nchi kavu. Ukisema "mitambo ya upepo YA baharini", iliyo baharini ni mitambo, na hiyo ndiyo habari uliyotaka kuitoa. Katika mazungumzo yetu ya Kivu tofauti hii haisikiki, maana sisi husema "upepo ya", "mashini ya", yote sawa. Ndiyo sababu mtu wa kwetu anayeandika lazima aitazame mara mbili.

Lakini usemi huohuo wa Kivu una hazina ambayo fundi wenu ameitumia vizuri. Sisi hutenganisha "ku ziwa" na "mu ziwa": ku ni pale kando, mu ni ndani ya maji. Kiambishi -ni cha "ziwani" hubeba maana zote mbili, na mwandishi asipotaja zaidi, msomaji hubaki akibahatisha. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, una mitambo 365, na hakuna hata mmoja ulio majini. Yote imesimama nchi kavu, kwenye jimbo la Marsabit. Basi andika "karibu na Ziwa Turkana". Uholanzi, kinyume chake, mitambo 89 ya Windpark Fryslân imesimikwa ndani ya maji ya ziwa IJsselmeer. Hapo "ziwani" ni sahihi kabisa, nawe ukitaka kuondoa shaka unasema "mle ziwani mmesimikwa mitambo 89". Hiyo m- ndiyo mu yetu.

Kitenzi nacho kichague kwa kuangalia kazi yenyewe. Mitambo mingi ya baharini husimama juu ya nguzo ya chuma iliyoshindiliwa ardhini chini ya maji. Hiyo imesimikwa, kama mlingoti. Hata mitambo 11 ya Vindeby, Denmark, mradi wa kwanza wa aina hii duniani, ulioanza mwaka 1991 na kuondolewa mwaka 2017, ilisimikwa, ingawa yenyewe ilisimama juu ya misingi ya zege. Ila mitambo mitano ya Hywind Scotland, iliyoanza kazi mwaka 2017, inaelea, imeshikwa kwa minyororo na nanga. Kwa hiyo "imesimikwa" haiifai. Sema "inaelea" au "imetiwa nanga".

Kuhusu "inaendeleza nishati", si kosa, lakini haimwonyeshi msikilizaji kitu. Taja mitambo, idadi na umbali. Ukitaja umbali, pwani inarudi kwa haki yake, kwa sababu sasa ni mahali pa kupimia. Kwa mfano wa mradi wa Hornsea 1, habari yako ingesomeka hivi: "Uingereza imesimika mitambo 174 ya upepo baharini, kilomita 120 hivi kutoka pwani ya Yorkshire."