Alipokataa chai yangu

Siku ya kwanza kumkaribisha jirani yangu Mmormoni, muumini wa kanisa lililoanzia Marekani, nilimmiminia chai. Akakizungusha kikombe juu ya kisahani, akatabasamu, hakunywa. Nikajisemea moyoni: huyu ananiona najisi. Kumbe wao chai na kahawa hawanywi, wala pombe, wala tumbaku hawaigusi, kwa ufunuo wa mwaka 1833 wanaouita Neno la Hekima. Mimi Mwislamu, ninayechoka kueleza watu kwa nini sinywi bia, nilinuna kabla ya kuuliza!

(Tangu 2018 viongozi wao wameomba jina la "Mmormoni" liachwe. Yeye hujiita Mtakatifu wa Siku za Mwisho, nami hujisahau kila mara.)

Basi ushauri wangu ukikutana na mtu wa dini nyingine: anza na anachotenda mwenzio, itikadi itafuata. Sisi tulianzia kwenye saumu. Wao kwa kawaida hufunga Jumapili ya kwanza ya mwezi, huacha milo miwili, na thamani ya milo hiyo huwatolea wahitaji.

"Na maji pia?" nikauliza.

"Na maji," akacheka. "Ila ya kwenu ya mwezi mzima siiwezi."

Hapo utamu ukanizidi, nikaropoka kwamba Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, ni kama Mtume wetu: kila mmoja alijiwa na malaika, akaleta kitabu. Akanyamaza. Baadaye akanieleza kuwa katika karne ya 19 maadui wa Smith walimwita Muhammad wa Marekani, kwa kumtukana. Tusi moja, waliotukanwa wawili. Nami nilipotulia nikaona nimejikoroga mwenyewe: kwangu Muhammad ni mtume wa mwisho, kwao manabii wapo hadi leo. Tena wanaamini Mungu Baba ana mwili, jambo ambalo tauhidi, imani yetu ya Mungu mmoja asiye na mfano, haina nafasi nalo. Usikimbilie kusema "sote ni wamoja". Mwenzio anaweza kuona umemfuta.

Yeye ndiye aliyenionyesha sheria ya mwaka 1841 ya Nauvoo, Illinois, mji wa Marekani walioishi waumini wenzake wakati huo, inayotaja Waislamu miongoni mwa watakaoabudu kwa uhuru. Nikamsomea aya ya Kurani: "Hapana kulazimishwa katika dini."

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, maana wao wana wamisionari, sisi tuna daawa. Nikamuuliza waziwazi kama angependa nibatizwe. Akasema ndiyo, angefurahi sana. Nikamwambia nami ningefurahi akitoa shahada na kusilimu. Tukacheka, na tangu siku hiyo hakuna anayemvizia mwenzake. Akija namchemshia tangawizi.