Mama anahamia makao ya wazee: tumwambie ukweli?

SWALI

Shikamoo, Mama Muuguzi. Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto watatu. Mama yetu ana miaka 81, ni mjane, na anaishi kwangu. Anatutambua sote, na mambo ya zamani anayasimulia vizuri, lakini ya leo yanampotea. Ameshawahi kuacha jiko likiwaka akaenda kulala. Kisha akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu atoke hospitali hawezi kuinuka kitandani peke yake. Usiku kucha ananiita nimpeleke chooni. Mimi ni mfanyakazi, mgongo umeniharibika, na daktari amesema wazi kwamba anahitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana.

Baada ya ugomvi mwingi tumekubaliana kumtafutia nafasi kwenye makao ya wazee yenye wauguzi. Mdogo wangu anasema tusimwambie. Tumwambie anakwenda kufanya mazoezi ya mguu kwa wiki mbili, halafu atazoea mwenyewe. Kaka yetu, anayeishi mbali, anatuma pesa lakini anasema tunamtupa mama. Tumwambieje? Na nitajuaje kama makao ni mazuri, maana siku ya kutembelea kila mahali hunukia sabuni na kila mtu anatabasamu?

Binti wa kwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mgongo, na pole zaidi kwa usiku huo wote ambao hukulala.

Msimdanganye. Nimeuguza wazee kwenye makao ya aina hiyo hadi nilipostaafu. Nimewapokea waliokuja wakijua wanakokuja, na nimewapokea waliodanganywa. Aliyedanganywa hafungui begi. Namkumbuka mzee mmoja ambaye watoto wake walimwambia anakuja kupimwa tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, begi mapajani, na kila aliyeingia chumbani alimuuliza kama majibu yametoka. Kila zamu ilikuwa na jibu lake. Alipokuja kuujua ukweli alikataa vidonge kutoka mikononi mwetu, akakataa kuogeshwa, kwa sababu kwake sisi sote tulikuwa washirika wa ule uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake anaufikia yule nesi ambaye mama yako atahitaji kumwamini kila siku.

Mdogo wako pengine anafikiri kwamba kwa kuwa mama anasahau, basi na uongo atausahau. Maneno anaweza kuyasahau. Uchungu haufutiki pamoja nayo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, walioneshwa vipande vya filamu vya huzuni na vya furaha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini hisia ilikuwa bado iko nao. Mama yako anaweza asikumbuke ulimwambia nini, akabaki na hofu ambayo hajui imetoka wapi.

Kwa hiyo mwambie. Mwambie wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayemshika usiku. Mwambie asubuhi, akili ikiwa haijachoka, televisheni imezimwa, na kama ana kifaa cha kusikia kiwe sikioni. Msiende watoto wote watatu mkamzunguka kama baraza la hukumu. Na usianze na makosa yake, lile jiko na ile bafu. Anza na mwili wako: “Mama, siwezi tena kukuinua. Naogopa utaniponyoka uanguke. Tunatafuta mahali penye watu wa kukuinua usiku, na mimi nitakuja.” Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo. Kesho akiuliza tena, mpe maneno yaleyale. Usiseme “tutaona” kama mmeshaamua, wala usimwahidi kwamba atarudi kama hujui.

Na umpe mambo ya kuamua. Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu, tena kwa upendo: zinahangaika kumpunguzia mzazi mzigo, zinampunguzia na sauti. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika makao ya wazee huko Marekani. Kundi moja la wakazi liliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao: wapange vyumba watakavyo, wachague siku ya kutazama filamu, kila mmoja achague mmea na aumwagilie mwenyewe. Kundi la pili lilipewa mimea pia, ila wauguzi ndio waliomwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wakishirikiana na wenzao zaidi. Kwamba mama anahitaji uangalizi wa usiku, hilo limeshaamuliwa na nyonga yake. Lakini ni yapi kati ya makao mawili mliyoyachuja, kitanda kiwe karibu na dirisha au mlango, ni kiti kipi kinaenda naye, ni nani anapewa vitu vyake vya ndani, hayo ni yake. Agawe kwa mkono wake mwenyewe. Na chumba chake kwako kisifagiliwe chote wiki ileile aliyoondoka.

Sasa makao yenyewe. Nenda mara moja kwa miadi, usikilize. Kisha rudi bila kuwaarifu, jioni au mwisho wa wiki, wakati wa chakula, meneja akiwa hayupo. Harufu ya mkojo kwenye kona moja asubuhi haina maana kubwa, mtu amejikojolea na atabadilishwa. Harufu hiyo jengo zima, mchana kutwa, ina maana hawabadilishwi. Marashi makali kila mahali yakupe shaka hivyohivyo. Sikiliza kengele: mzee akibonyeza, inalia kwa muda gani kabla mtu hajaja? Angalia kikombe cha maji kando ya yule asiyeweza kuinuka, je, mkono wake unakifikia? Kiu hupungua mtu anapozeeka, na mzee aliyekaukiwa maji huchanganyikiwa na kuanguka. Angalia anayelisha: ameketi macho kwa macho na mzee, au amesimama akipiga soga na mwenzake juu ya kichwa cha mtu? Angalia kucha, ndevu, vioo vya miwani. Kuta zilizopakwa rangi jana hazitakuambia kitu.

Halafu uliza maswali yasiyopendeza. Usiku wahudumu wangapi, kwa wakazi wangapi? Usikubali idadi ya wafanyakazi wote walioajiriwa, dai idadi ya usiku. Wangapi hapa wana vidonda vya kulalia, na mnafanya nini? Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kwa ratiba, kwa kawaida kila baada ya saa mbili au kadiri ngozi yake inavyohitaji, na kila mara huandikwa. Omba kuona fomu inavyojazwa. Mzee akipiga kelele usiku mnampa nini? Jibu likiwa ni dawa, uliza ipi na nani ameiandika, kwa sababu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kutibu wehu zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Na kwa mama yako mahsusi, uliza: mkazi anayeweza kutumia choo akisaidiwa, anapelekwa chooni au anavalishwa nepi? Mama anakuita kwa sababu bado anajua anahitaji kwenda. Uwezo huo akikaa kwenye nepi kwa sababu tu mikono haitoshi, ataupoteza, na heshima yake itaondoka nao. Mimi ningekataa makao mazuri kwa kila kitu kingine kama wangeshindwa swali hili.

Kabla hajahama, kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile mnazonunua wenyewe, mzipeleke kwa daktari au mfamasia. Mwaka 1991 daktari Mark Beers na wenzake walitunga orodha ya dawa zinazowadhuru wazee kuliko kuwasaidia, na waliitunga kwa ajili ya wakazi wa makao kama haya. Inaendelea kuboreshwa hadi leo. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama diphenhydramine, zimo, maana huchanganya akili na kuangusha watu. Na uliza jambo dogo: je, anapewa dawa ya kukojosha jioni? Ikihamishiwa asubuhi, huenda safari nyingine za chooni usiku zikapungua, hata leo, akiwa bado kwako.

Hati ya uwakili na maelekezo yake kuhusu matibabu ya mwisho yaandikwe sasa, akiwa bado anaelewa anachosaini.

Meno ya bandia, miwani na kifaa cha kusikia ndivyo vinavyopotea zaidi, mara nyingi vikiwa vimefungwa ndani ya mashuka yanayokwenda kufuliwa. Viwekeni jina, na nguo pia. Viatu vifunike kisigino, kandambili zibaki nyumbani. Kisha andika ukurasa mmoja juu yake: anapenda kuitwaje, alifanya kazi gani, anaoga asubuhi au jioni, analalia ubavu upi, anaogopa nini. Ubandike ndani ya mlango wa kabati lake. Muuguzi mgeni wa zamu ya usiku ataushukuru ukurasa huo kuliko faili zima la hospitali.

Mhamisheni asubuhi, siku ya katikati ya wiki, si Ijumaa, kwa sababu mwisho wa wiki huwa na watu wachache kazini. Kitanda kitandikwe blanketi lake kabla hajafika. Kaa naye mpaka baada ya chakula, kisha umuage waziwazi, umwambie utarudi lini, na urudi siku hiyo. Kuna makao yanayoshauri familia isije kwa wiki za mwanzo ili mzee azoee. Sikubaliani nayo. Mzee asiyetembelewa hunyamaza, na watu huona ukimya wakadhani ametulia.

Akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache tu, akachanganyikiwa au akalala kutwa, usikubali kuambiwa ni uzee au hajazoea. Dai apimwe: maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, choo kilichofunga, dawa mpya.

Kuhusu kaka yako, usibishane naye kwa simu. Mwombe aje akae na mama peke yake wiki moja, usiku ukiwemo, kabla ya siku ya kuhama. Kama hawezi, apewe kazi inayofanyika kwa mbali: siku maalumu ya kumpigia mama, na siku maalumu ya kuzungumza na nesi mkuu na kuwaletea nyinyi majibu. Anayemtupa mzazi hazijui hata dawa zake. Wewe unajua hadi ubavu anaolalia, mwanangu, kwa hiyo neno hilo usilibebe.

SWALI

Shikamoo, Mama. Baba yangu ana Alzheimer na yuko makao ya wazee tangu mwaka jana. Kila nikienda ananishika mkono: “Twende nyumbani, mama yako anatusubiri.” Mama alishafariki miaka mingi. Nimwambie ukweli?

Mwana wa pekee

JIBU

Marahaba, baba. Hapo juu nimemkataza binti kusema uongo, na sikuambii wewe useme. Lakini usimwambie kila mara kwamba mkewe amekufa. Yeye huisikia habari hiyo kama mara ya kwanza, anafiwa upya, kisha anasahau sababu ya kulia. Wala huna haja ya kusema mama yuko njiani. Muulize juu yake: “Mama alipenda kukaa wapi jioni?” Mwache asimulie. Mara nyingi hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Kwanza kabisa, hata hivyo, mwangalie mwili. “Twende nyumbani” kwa mgonjwa kama huyu huweza kuwa baridi, haja ya choo, kelele za ukumbini, au maumivu asiyoyapatia jina. Tazama pia saa. Wengi huhangaika zaidi jua linapoelekea kuzama, basi jaribu kwenda asubuhi. Mpe mikono yake kazi, taulo za kukunja, au kitu kinachofanana na kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na tembeeni. Mzunguko mmoja wa bustani hutosha kumtoa mlangoni.

Kuondoka kwako kuendane na kitu kinachoanza kwake, kama chakula kinapoletwa, nesi akiwa ameketi naye. Begi lako liache mapokezi asilione. Kisha piga simu baada ya nusu saa uulize yukoje. Kama ametulia, nenda nyumbani ukapumzike. Kama bado analia, na wiki hadi wiki ni hivyohivyo, mwombe daktari amwone, kwa sababu sonona hutibika hata kwa mwenye Alzheimer, na maumivu asiyoweza kuyaeleza hutibika pia.