Redio ya masafa mafupi inayohama stesheni: isikilize inavyohama kabla ya kuifungua

Mkuu, umesema redio yako ya mshale (isiyo ya kidijiti) inadaka vizuri ukiiwasha, halafu stesheni inateleza taratibu hadi sauti inakwaruza, na ukiwasha SSB, ile swichi ya kusikiliza mawasiliano yanayorushwa kwa upande mmoja tu wa mawimbi, kuwasikiliza watu wa redio za ridhaa sauti zao zinageuka kila mara. Wengine wamekushauri uitupe ununue ya kidijiti. Mimi nafungua redio za aina hii muda mrefu sasa, hapa Tanga, na nakuomba usiitupe. Hata pasi ya kuchomelea risasi usiishike kwanza. Kaa nayo uisikilize inahama vipi.

Ikiteleza polepole upande mmoja tangu ilipowashwa, hapo kuna joto. Ikiyumba kufuata sauti ya mtangazaji, yaani akipaza naye anasogea, angalia umeme. Ikiruka ghafla, hasa ukigusa boksi au ukiweka kikombe mezani, kuna mguso mchafu au kitu kimelegea. Mafundi wengi huyachanganya haya matatu, wanabadilisha vipuri ovyo, na redio inarudi kwa mwenyewe mbovu kuliko ilivyokwenda.

Kwanza uelewe kwa nini masafa ya kati hayakusumbui. Ndani ya redio kuna osileta, yaani saketi inayotengeneza mawimbi yake yenyewe ili kuchagua stesheni, inayotetema kilohezi 455 juu ya stesheni unayoitaka. Ukisikiliza kilohezi 1000, osileta iko 1455. Ikihama asilimia 0.01 tu, imesogea kama hezi 145, na sikio halijui. Sasa nenda kilohezi 11735, masafa ambayo Redio Zanzibar iliyatumia miaka mingi kutoka mitambo ya Dole. Osileta iko 12190, na asilimia ile ile ni zaidi ya kilohezi 1.2. Stesheni za masafa mafupi zimepangwa kila kilohezi 5, kwa hiyo ukisogea mara mbili hivyo jirani anaanza kuingia. Kwenye SSB ni balaa zaidi: hezi 50 unazisikia, hezi 300 sauti ya mtu si yake tena.

Anza na umeme kwa sababu ni rahisi. Weka betri mpya, punguza sauti, sikiliza tena. Betri kavu nne mpya zinatoa volti 6, zikichoka zinashuka hadi karibu volti 4, na betri iliyochoka haihimili mkupuo: kila spika inapovuta, volti zinashuka na osileta inashuka nazo. Kama betri mpya zimesaidia nusu tu, tazama kapasita (kipuri kinachotunza chaji ya umeme) kubwa iliyo sambamba na betri, ile ya mikrofaradi 470 au 1000. Kwenye redio kuukuu huwa imekauka. Redio ya volti 9 unaweza kuilishia osileta peke yake kupitia 78L05, kipuri kinachoshikilia volti 5 zisiyumbe, ila ujue kidude hicho kinataka takriban volti 7 kuingia. Kwenye redio ya volti 6 hakitakufaa.

Joto ndilo lenye kazi. Na ieleweke: joto lenyewe halina ubaya, ubaya ni kubadilika kwake. Redio iliyokaa nyuzi 32 mchana kutwa inatulia. Iliyo dirishani jua likiingia na kutoka haitulii kamwe. Koili, yaani waya uliozungushwa, ikipata joto hutanuka na masafa hushuka. Kapasita za sahani za bei nafuu nazo hubadilika vibaya mno. Ninavyofanya mimi: nawasha SSB kwenye stesheni kubwa ya matangazo, maana hao masafa yao hayachezi, nasubiri mluzi unaosikika hapo utulie, kisha napuliza pumzi ya moto kwa mrija wa soda kwenye kipuri kimoja kimoja karibu na osileta. Kidole usiweke, chenyewe kinahamisha masafa hata kikiwa baridi. Kipuri kinachoufanya mluzi ukimbie ndicho mgonjwa wako.

Kama ni kapasita, weka ya NP0, aina isiyobadilika sana kwa joto. Hiyo haizidi sehemu 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja, juu au chini. Kama ni koili, huwezi kuizuia kutanuka, lakini unaweza kuipa mpinzani: kapasita ya polistirini hupungua kadiri joto linavyopanda, takriban sehemu 150 katika milioni kwa nyuzi, ikavuta masafa yarudi juu. Ishike miguu kwa koleo unapochomelea, plastiki yake inayeyuka upesi. Sisi wa pwani tuna unyevu pia. Zungushia koili nta, utaona tofauti msimu wa mvua.

Dawa ya kuruka ni fupi: safisha mguso wa ekseli ya kapasita ya kuzungusha, ile inayozunguka ukitafuta stesheni, kaza kamba ya mshale. Chumvi ya bahari hufanya kazi yake kimyakimya hapo.

Kuna njia ya kuzuia kuhama iliyo ya kifahari kuliko zote, na ilitoka Afrika hii hii. Trevor Wadley wa Afrika Kusini alibuni mpango ambao mhamo wa osileta ya kwanza unaingizwa mara mbili, mara ya pili kinyume, ukajifuta wenyewe, huku kristali (kipande kinachotetema kwa masafa yasiyoyumba) ya megahezi 1 ikishika usukani. Racal RA-17 ya Uingereza ilijengwa hivyo, na baadaye ikaja redio ya kubeba ya Barlow Wadley, XCR-30. Ukiiona mnadani, usiiache.

Za kidijiti nazo huhama, ila kidogo. Nyingi za chipu moja hutegemea kristali ya saa ya kilohezi 32.768, joto likitoka nyuzi 25 hadi 35, inapungua kama sehemu 3.4 katika milioni, yaani hezi 51 hivi ukiwa megahezi 15. Kwa hiyo kama unataka kukaa SSB usiku kucha, nunua hiyo kweli. Kwa matangazo ya kawaida, yako ikitibiwa, iwashe nusu saa kabla ya kipindi na hutaigusa tena.