Bega likikuuma, usikimbilie kuchuliwa

Hapa Dodoma ukisema tu bega linakuuma, hata hujamaliza sentensi mtu keshakuletea mafuta ya kuchua, mwingine anachemsha maji, na hamkosi mjomba mmoja mtaalamu wa kuvuta mkono. Mimi nalima zabibu huku Mpunguzi, msimu wa kupogoa mikono iko juu ya waya kutwa nzima, kwa hiyo maumivu ya bega nayajua, na haya ninayowaandikia mengi nilielekezwa na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, baada ya kuchuliwa mpaka nikachoka.

Iko hivi, kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa ila kishimo chake hakina kina, kinachokishikilia hasa ni misuli minne midogo na kano zake, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa. Kano ya juu inapita sehemu nyembamba chini ya mfupa wa juu ya bega, sasa wewe inua mkono kutwa, uwe fundi rangi, fundi dari au mkulima kama mimi, inabanwa na kusuguliwa mpaka inaanza kulika. Maumivu yake yana kawaida ya kushuka hadi katikati ya mkono wa juu, ndio maana watu wanachua mahali ambapo tatizo halipo.

Kuna kipimo kidogo. Bana kiwiko ubavuni, ukunje mkono kama unayeshika usukani, halafu mtu aupeleke nje taratibu bila wewe kusaidia. Ukienda vizuri kwa msaada wake ila mwenyewe huwezi kuuinua, yawezekana kano ndio ina shida. Ukigoma hata akiupeleka yeye, hilo huenda ni bega lililoganda, linawapata sana watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari, kwa hiyo kama hujawahi kupima sukari kapime. Kuganda huko kunaweza kuchukua mwaka mpaka mitatu kuisha, na kulilazimisha kwa nguvu ni kujitafutia maumivu ya bure.

Ajali ni habari nyingine kabisa. Umeanguka na bodaboda, bega limebadilika umbo, mkono haunyanyuki: jamani asivute mtu! Mbali na bega kuteguka, mfupa unaweza kuwa umevunjika pia, na mishipa ya fahamu iko hapo hapo karibu. Kunja khanga pembetatu, funga mkono ukae kifuani, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Ukisikia ganzi upande wa nje wa bega, au kiganja kinaning'inia hukiwezi kukiinua, waambie pale pale ukifika.

Na mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho, pumzi kukata, hiyo sio habari ya bega, ni ya moyo, wahi.

Kwa maumivu ya kawaida ya kazi, siku mbili tatu za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia, dakika 15 hivi. Vidonge vya maumivu sawa, ila kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo, diklofenaki usijinunulie tu dukani. Usiku ndio mtihani, usililalie hilo bega, lala chali au upande mzima halafu mkono unaouma uegemeze kwenye mto.

Ila usiufunge mkono wiki na wiki kisa unauma, bega linakakamaa. Inama, shika meza kwa mkono mzima, mwingine uning'inie uuchezeshe polepole kwa duara ndogo. Ukizoea, simama mbele ya ukuta utembeze vidole kwenda juu mpaka pale panapoanza kukuuma, ishia hapo, kesho utapita kidogo. Kano inapona kwa wiki nyingi, hata miezi, hapo usitegemee miujiza.

Shambani sasa hivi napogolea juu ya kigoda ili mikono isipite usawa wa macho, na nikishamaliza mstari mmoja nashuka nafanya kazi ya chini kwanza. Vijana wananicheka, sawa tu.