Maswali ya Wasomaji: Mama mkubwa hana akaunti

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi nafundisha kushona, masomo yangu nayaweka kwenye tovuti yangu alafu naposti linki mitandaoni. Siku hizi nikiweka linki wanaoiona ni wachache mno, ila nikiweka video humo humo inatembea vizuri tu. Rafiki ananiambia nifunge tovuti nihamie huko mazima. Lakini juzi nimemtumia mama mkubwa video ya kukata kola, akaona mkasi umegusa kitambaa, mara skrini ikazibwa, jiunge kwanza, na yeye hana akaunti. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usiifunge hiyo tovuti, nakuomba kabisa. Mitandao hii inakula kwenye matangazo, na tangazo linaonwa na mtu aliyebaki ndani, sasa linki yako inamtoa mtu nje, wataisukuma ya nini? Na hawajaanza leo. Desemba 2012 Instagram walizima picha zao zisionekane tena moja kwa moja ndani ya Twitter, ikabaki linki tu, ukitaka picha uwafuate kwao. Mwishoni mwa Juni 2023 Twitter nao wakamfungia asiye na akaunti asisome kitu, baadaye ndo wakalegeza kidogo. Yaani yaliyompata mama mkubwa ndivyo walivyotaka iwe.

Sasa angalia imeili. Kanuni za kuituma, SMTP, zimeandikwa 1982 na hazina kampuni inayozimiliki, ndo maana wa Gmail anamwandikia wa Yahoo na barua inafika bila mtu kuulizwa amejiunga wapi. Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanza 2016, inafuata njia hiyo hiyo, inatumia kanuni za ActivityPub ambazo W3C, shirika la viwango vya wavuti, walizipitisha Januari 2018, ukiwa sava hii (kompyuta inayotunza akaunti yako) unamfuata aliye sava ile, na ukihama wafuasi unahama nao. Posti za zamani ndo zinabaki ulikotoka, hilo linaniuma bado.

Mimi niliwahi kupakua kumbukumbu zangu zote za mtandao mmoja, likaja faili la zipu, nikalifungua kwa hamu, picha zipo, maoni yangu yapo, kufika kwa wafuasi nakuta orodha ya majina matupu, watu niliokaa nao miaka na hakuna hata mmoja ninayeweza kumfikia nje ya ile apu. Nilikaa nikaitazama ile orodha muda mrefu. Na waliokuwa Vine, apu ya video fupi fupi, wanajua zaidi, Januari 2017 apu ilizimwa, mwenye wafuasi wengi na mwenye wachache wote wakaanza upya kwingine.

Sikwambii utoke huko, watu wako wapo huko. Somo zima likae kwenye tovuti, mtandaoni peleka kipande kinachojitosheleza, mfano namna ya kugeuza ncha ya kola isivimbe, mtu ajifunze kitu hapo hapo, anayetaka lote atakufuata. Omba imeili za wanaopenda masomo yako, hata wakiwa ishirini hao ni wako kweli. Hakikisha tovuti ina RSS, yaani njia ya mtu kupokea masomo yako mapya bila kupitia mitandao hiyo, tovuti nyingi zinakuja nayo tayari. Na video usizipakue tena kutoka mtandaoni zikiwa zimeshabanwa na ubora umepungua, tunza zile za mwanzo ulizorekodi mwenyewe.

Mama mkubwa mtumie linki ya tovuti leo leo, amalizie kola yake.