Barua kwa mwanangu: anza na kitabu kimoja

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama kuna maana ya kuanza mfululizo wa riwaya za Earthsea, ulimwengu wa kubuni wa visiwa, wa Ursula K. Le Guin, ambao rafiki yako amekukazania uusome. Unasema hujawahi kusoma fantasia, vitabu ni sita, na majoka na wachawi unaona ni mambo ya watoto. Mimi nasema jaribu, ila usijifunge kuvisoma vyote. Tafuta A Wizard of Earthsea cha 1968 peke yake. Ni kitabu chembamba, kama kurasa 200, sura 10. Lile juzuu kubwa lililokusanya vitabu vyote liache kwanza.

Soma sura nne kabla ya kukata shauri. Za mwanzo zitakuchosha kidogo: miaka inapita ndani ya aya moja na mazungumzo ni machache, maana Le Guin anasimulia kama mtu anayehadithia kisa cha kale kwa mdomo. Wengi huishia hapo. Wewe vumilia mpaka sura ya nne. Ged, mwanafunzi wa uchawi kisiwani Roke, anapigwa vijembe na mwenzake Jasper, na kwa kiburi anamwita mwanamke aliyekufa zamani za kale. Giza linapasuka, na katika ufa ule linachupa dude jeusi lenye ukubwa wa mtoto mdogo, halina kichwa wala uso, makucha tu, linamrarua Ged usoni. Mkuu wa wachawi anauziba ufa kwa nguvu zake zote, kisha anakufa. Ukifika hapo na huna hamu ya kujua kivuli kile kimekwenda wapi, funga kitabu, umekitendea haki.

Majina yatakuchanganya. Duny, Sparrowhawk na Ged ni mtu mmoja: la kwanza ni la utotoni, la pili ndilo analoitwa na watu, la tatu ni jina lake la kweli, analowapa wale tu anaowaamini kwa maisha yake, kwa kuwa anayelijua jina la kweli la kitu ana uwezo juu yake. Ramani ya mwanzoni usiikariri. Tafuta Gont, kisiwa alikozaliwa Ged, upande wa kaskazini-mashariki na Roke katikati, inatosha.

Kuhusu kuwa ni mambo ya watoto: kweli kilitungwa kwa ajili ya vijana, lakini uchawi wake haufanyi mambo bure. Ukilazimisha mvua hapa, pengine unaleta ukame kisiwa kingine. Tena Ged ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, rafiki yake mkubwa Vetch ni mweusi, na wavamizi wa Karg ndio weupe. Kwa fantasia ya miaka ile hilo lilikuwa nadra sana, na bado baadhi ya majalada yalimchora Ged kama mzungu.

Kikikupendeza, ingia The Tombs of Atuan, na hapa ndipo pana mtego. Sura kadhaa zinapita bila Ged kutokea. Unamsoma Tenar, msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo akafanywa kuhani wa makaburi jangwani. Usiruke kurasa kumtafuta Ged. Kisa ni cha Tenar, na usipoyazoea yale mapito ya gizani pamoja naye, hutaelewa kwa nini mwanga wa mgeni chini ya ardhi unamtikisa kiasi kile. Kwangu mimi ndicho kitabu bora kuliko vyote.

The Farthest Shore cha 1972 kinafunga mzunguko wa kwanza wa vitabu vitatu, na unaweza kuishia hapo bila kupungukiwa. Tehanu kilikuja 1990, na ni kitabu cha namna nyingine kabisa: Tenar ni mjane wa makamo anayelea mtoto aliyeunguzwa moto, na Ged amerudi akiwa hana tena nguvu zake. Anayetafuta vita vya wachawi hukasirika. Wewe mtu mzima utakielewa kuliko kijana wa miaka 15.

Viwili vya mwisho vyote ni vya 2001, na watu hukosea mpangilio. Tanguliza Tales from Earthsea, chenye hadithi tano, ndipo usome The Other Wind. Ukibanwa na muda, soma walau ile ya tano, “Dragonfly”, kwa sababu ndiyo daraja kutoka Tehanu. Ukiiruka, kuna mwanamke atatokea katika The Other Wind nawe hutajua ametoka wapi.

Baba yako