Maswali na Majibu: Shajara za Annie Fields na barua za nyumba yake

Safu iliyopita niligusia shajara za Annie Fields, mke wa mchapishaji wa vitabu wa Boston, Marekani, katika karne ya 19. Maswali yamekuja mengi, nayajibu machache.

Hawa Fields walikuwa akina nani hasa?

James T. Fields alianza kazi akiwa kijana wa dukani, akapanda hadi kuwa mbia katika kampuni ya uchapishaji ya Ticknor and Fields. Ndiye aliyemhimiza mwandishi Nathaniel Hawthorne atoe riwaya yake *The Scarlet Letter* mwaka 1850, na kuanzia 1861 hadi 1871 alihariri jarida la Atlantic Monthly. Alimwoa Annie Adams mwaka 1854, bibi harusi akiwa na miaka 20 na yeye 36. Nyumbani kwao, namba 148 mtaa wa Charles, wageni hawakukatika, waandishi kama Emerson, Longfellow na Harriet Beecher Stowe.

Shajara ina nini ambacho hatukipati kwingine?

Mazungumzo ya mezani, na nyuso za watu wakiwa wamechoka. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Charles Dickens, alifika Boston Novemba 1867 kusoma kazi zake mbele ya hadhira, na Januari 1868 alilala kwa akina Fields. Magazeti yalisimulia kumbi zilizojaa. Annie anatuonyesha mtu aliyeandamwa na mafua, mchangamfu mbele ya wenzake lakini mwenye huzuni ambayo mwenyeji wake aliiona. Kwangu mimi, kurasa hizo zinazidi wasifu mwingi wa Dickens.

Mwenye nyumba ni mchapishaji, wageni ni waandishi wake. Je, walilipwa haki yao?

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kabla ya 1891, sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki ya mwandishi wa kigeni. Mchapishaji angeweza kutoa kitabu cha Mwingereza bila kumpa hata senti. Kampuni hii ilijijengea jina jema kwa kulipa pale ambapo hakuna aliyeilazimisha: mshairi Mwingereza Tennyson alipewa dola 150 kwa mashairi yake ya 1842.

Waandishi wa nyumbani, hasa wanawake, wana habari nyingine. Mary Abigail Dodge, aliyeandika kwa jina la Gail Hamilton, alikuwa rafiki wa familia. Kisha akagundua kwamba analipwa senti 15 kwa nakala, kiasi kisichobadilika, wakati kitabu kinauzwa dola 2. Kwa mrabaha wa kawaida, yaani sehemu ya bei anayopewa mwandishi, wa asilimia 10 angepata senti 20. Shauri likafika kwa wasuluhishi, na mwaka 1870 akalianika lote kitabuni. Sophia, mjane wa Hawthorne, naye alilalamikia hesabu za marehemu mumewe, na urafiki wake na Annie ukaingia doa.

Simwoni James kuwa mwizi. Naona mtu aliyeuacha urafiki ukae mahali pa mkataba, na walioumia ni wale walioona haya kumdai mtu anayewakaribisha chakula. Kwa hiyo usiisome shajara peke yake. Tafuta na daftari za gharama za kampuni; za 1832 hadi 1858 zimechapishwa. Zinakoma kabla ya ugomvi huo, lakini zinafundisha jinsi kitabu kilivyopigiwa hesabu, kuanzia karatasi hadi jalada.

Barua zilizochapishwa ni kamili?

Hapana. James alifariki 1881, na baadaye Annie na mwandishi Sarah Orne Jewett wakawa wenza wa maisha hadi Jewett alipofariki 1909. Annie alipoandaa barua za mwenzake, zilizotoka 1911, mhariri M. A. DeWolfe Howe alimshauri apunguze majina ya mapenzi waliyoitana. Jewett alijiita Pinny. Mengi yakaondolewa. Howe huyohuyo ndiye aliyechagua dondoo za shajara zilizotoka 1922, Annie mwenyewe akiwa ameshafariki tangu 1915. Inaniuma kila nikiwaza kilichokatwa, maana upendo wao ulikuwa sehemu ya kazi yao: walisomeana na kushauriana.

Nikitaka kuziona zipo wapi?

Shajara zipo Massachusetts Historical Society, Boston. Barua nyingi za James zipo Huntington Library, California. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Ukipata nafasi, anza na daftari la 1863, Annie alipoamua kuweka kumbukumbu za mambo ya fasihi na za watu waliopita mlangoni kwake.